Kuku aliyebaki: tuhesabu saa, tusitegemee pua



Kuku ni ghali. Katika nyumba nyingi za Bukavu, Goma na Uvira anapikwa siku ya Yenga au mgeni akifika, na kila mama anatamani abaki kidogo kwa kesho. Kutunza kinachobaki ni akili ya nyumba. Lakini kipande hicho cha jana mara nyingi tunampa mtoto, na tumbo la mtoto ndilo linaloumia upesi. Juma hili tuongee juu ya kuku aliyekwisha kupikwa, na frigo ambayo umeme wake unakatika kila mara.

Wengi wetu tunanusa kwanza. Asiponuka, tunapasha moto na kula. Pua haitoshi! Vijidudu vinavyoleta kuhara na kutapika vinaweza kujaa katika nyama bila kubadili harufu wala ladha. Vinazaana haraka kati ya nyuzi 5 na nyuzi 60 za joto. Hata usiku wa Bukavu, tunaouona wa baridi, unapita nyuzi 10. Sufuria iliyolala jikoni haikulala mahali pa baridi.

Kuchemsha tena nako hakuondoi kila kitu. Vijidudu vingine, vinavyotoka hasa kwenye mikono na vidonda, vinaacha sumu katika chakula, na moto wa jikoni hauiondoi. Kuku aliyelala nje haponywi na makala.

Basi tufanye hivi:

- Kuku aingie katika frigo kabla saa 2 hazijapita tangu alipotoka motoni.
- Tusiingize sufuria nzima ya moto. Tugawe vipande na mchuzi katika vyombo vidogo, tuviweke ndani ya beseni ya maji baridi vipoe upesi, kisha tuvifunike.
- Kilichopikwa kikae juu, nyama mbichi ikae chini, ili maji yake yasidondoke juu ya chakula.
- Kuku wa siku ya Yenga aishe siku ya tatu. Hata frigo isipozimika, asipite siku 4.
- Tupashe moto kile tu kitakacholiwa, mpaka mchuzi utokote na kipande kitoe mvuke hata ndani. Kilichopashwa mara moja kisirudi katika frigo.

Umeme ukikatika, frigo iliyofungwa inalinda baridi kwa saa 4 hivi. Tuandike saa ulipokatika, tubandike karatasi mlangoni, na watoto wasifungue kutafuta maji ya kunywa. Saa 4 zikipita bila umeme, kuku yule asiliwe tena.

Na kama umeme umekatika sisi tumelala? Tugandishe kikombe cha maji katika sehemu ya barafu, kisha tuweke kijiwe kisafi juu yake. Asubuhi tukikuta kijiwe kimezama, barafu iliyeyuka usiku, hata kama sasa imeganda tena. Chakula kilichopikwa tusikiamini.

Wengi wetu hatuna frigo. Kwetu dawa ni kupika kinachotosha, na kinachozidi kumpelekea jirani kingali moto. Tuangalie hasa kwenye matanga na harusi, tunapopikia watu wengi. Sufuria kubwa ya adhuhuri, iliyoachwa na kifuniko mpaka usiku, inabaki vuguvugu ndani kwa saa nyingi, na vijidudu vinapenda hali hiyo. Ikae motoni ikiwa moto kweli, au igawanywe mapema.

Mtoto akianza kuhara, tusingoje. Katika litra 1 ya maji safi tutie vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikiwa sawasawa, bila kilima. Anywe kidogo kidogo, na anayenyonya aendelee kunyonya. Akitoa damu, macho yakiingia ndani, au akishindwa kunywa, tukimbie kituo cha afya saa ileile.

Tunajua kumtupa kuku kunauma, maana ni pesa ya soko ya siku nzima. Lakini hesabu ya kweli haiishii kwenye kuku. Tuweke pembeni yake dawa, usafiri, na siku ambazo mama hatafika sokoni kwa sababu amekaa kando ya kitanda cha mtoto. Tukishindwa kujua kuku amekaa saa ngapi nje ya baridi, mtoto asipewe.