Nairobi hadi New York: gharama ya kutotua njiani

Tangu Oktoba 28, 2018, abiria anaweza kupanda ndege ya Kenya Airways jijini Nairobi usiku wa manane na kushuka New York asubuhi bila kutua popote njiani. Ni takriban kilomita 11,800: saa 15 kwenda, saa 14 hivi kurudi, kwa kuwa pepo za juu huvuma kutoka magharibi na kuisukuma ndege inayorejea.

Akipitia Dubai, abiria huyohuyo huruka zaidi ya kilomita 14,500, ukiacha saa za kusubiri. Hata hivyo, njia ndefu mara nyingi ndiyo yenye nauli nafuu. Ndege ya Dubai kwenda New York hujazwa na watu wa Dar es Salaam, Mumbai na Karachi. Ile ya Nairobi inategemea soko moja, pamoja na wachache wanaounganisha safari hapo kutoka nchi jirani.

Halafu kuna mafuta. Yatakayochomwa saa ya 14 lazima yanyanyuliwe tangu dakika ya kwanza, na kuyabeba kwenyewe kunachoma mengine. Uwanja wa Jomo Kenyatta uko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa nyepesi huzipunguzia injini nguvu na mabawa uwezo wa kunyanyua. Uzito ukizidi, hupunguzwa mizigo au abiria, yaani mapato. Kuondoka usiku kunasaidia: hewa ya baridi ni nzito kidogo.

Addis Ababa iko juu zaidi, mita 2,300 na ushei. Ndiyo sababu shirika la Ethiopian Airlines limekuwa likitua Lomé au Dublin katika safari zake za kwenda Marekani, ilhali wakati wa kurudi ndege zake huweza kuruka moja kwa moja. Lomé ikageuka duka: ndege huongeza mafuta na papo hapo hukusanya abiria wa Afrika Magharibi. Kwangu mimi, huo ni ujanja wa kibiashara ulio bora kuliko fahari ya kutotua.

Singapore Airlines imelipia fahari hiyo mara mbili. Ilianza kuruka hadi eneo la New York, zaidi ya kilomita 15,000, mwaka 2004 kwa Airbus A340-500 zenye injini nne. Mafuta yalipopanda bei, ikaacha mwaka 2013. Ilirejea Oktoba 2018 na A350-900ULR ya injini mbili, yenye viti 161 tu na bila daraja la kawaida kabisa. Ndege ya Kenya Airways kutoka Nairobi, aina ya Dreamliner, ina viti 234, na vingi ni vya daraja hilohilo lililoondolewa na Singapore Airlines. Wanaovikalia hulinganisha nauli na ya Doha au Dubai kabla ya kulipa.