Maghala Yanayopanuka Ndani ya Kompyuta

Diski ya kompyuta, kama lilivyo ghala la nafaka, ina kipimo chake. Katika utaratibu wa zamani, diski hugawanywa katika mafungu ambayo mipaka yake ni vigumu kuihamisha. Shule yenye diski ya gigabaiti 500 yaweza kutenga 100 kwa kumbukumbu za wanafunzi na 400 kwa maktaba. Kumbukumbu zikijaa, kazi husimama, ijapokuwa fungu la maktaba li karibu tupu.

Ili kuondoa tatizo hilo, wataalamu walibuni ghala la kimantiki. Katika mfumo wa Linux, programu ya kazi hiyo iliandikwa na Heinz Mauelshagen mwaka 1998, kwa kufuata muundo uliokwisha kutumika katika mfumo wa HP-UX.

Kwanza, kila diski hukatwa vipande vilivyo sawa, kwa kawaida vya megabaiti 4. Pili, vipande vya diski zote hukusanywa katika bohari moja. Tatu, maghala hutengwa kutoka katika bohari hiyo kwa kuhesabu vipande. Kwa kuwa gigabaiti 1 hapa ni megabaiti 1,024, ghala la gigabaiti 100 huhitaji vipande 25,600.

Vipande hivyo si lazima vifuatane, wala viwe katika diski moja. Kompyuta hutunza daftari linaloonyesha kila kipande kilipo, nazo programu huona ghala moja lisilokatika. Kumbukumbu zikijaa, mwangalizi huongeza vipande, kisha hupanua mfumo wa mafaili uliomo, mara nyingi bila kuzima mashine. Bohari ikipungukiwa, diski mpya huongezwa. Basi ni busara kutogawa bohari yote siku ya kwanza, akiba haiozi.

Kupunguza ghala, hata hivyo, kwahitaji hadhari. Mfumo wa mafaili hupunguzwa kwanza, ndipo ghala likatwe. Mwenye kugeuza utaratibu huo aweza kupoteza yaliyoandikwa mwishoni.

Aidha, kupanuka si usalama. Ghala lililotandazwa juu ya diski mbili bila nakala huharibika hata ikifa moja tu. Kwa hiyo shule haina budi kuweka nakala ya kumbukumbu zake katika chombo kingine, nje ya bohari hiyo.

Zoezi: Ghala likiongezwa gigabaiti 50, daftari litaandikwa vipande vipya vingapi?