Kompyuta Kuukuu Ikikataa Programu Mpya

Akaaye kisiwani kama Rongui, katika mwambao wa kaskazini wa Cabo Delgado, nchini Msumbiji, hana fundi wa kompyuta wa kumwendea kwa miguu. Chombo kikigoma, hapana budi kungoja bahari itulie, kisha kuvuka hadi barani. Yafaa basi mwenye kompyuta kuukuu ajue chanzo cha matata kabla hajaipakia mashuani.

Ndani ya kompyuta ya namna hiyo aghalabu mna mali isiyonunulika: picha za arusi, hesabu za nyumba, barua za askari aliye kituo cha mbali. Kazi ya kwanza, kabla ya kugusa programu yoyote, ni kunakili mafaili hayo kwenye flashi na kuiweka mahali pakavu. Wako mafundi ambao dawa yao ya kila ugonjwa ni kufuta diski nzima. Mashine hupona, picha za marehemu zikapotea.

Kosa likitokea, kioo huandika sababu, mara nyingi kwa Kireno au Kiingereza. Wengi hubonyeza haraka ili maneno yaondoke. Yaandikwe kwanza kwenye karatasi kama yalivyo, pamoja na namba ya kosa. Hata asiyeyaelewa ataweza kumsomea fundi kwa simu, na nauli ya mashua ikaokolewa.

Jambo ambalo wachache hulishuku ni saa. Ndani ya kompyuta ya mezani mna betri ndogo ya duara, volti 3, ambayo aghalabu huitwa CR2032. Ndiyo itunzayo saa na tarehe umeme ukizimwa. Betri hiyo ikifa, kompyuta huamka ikidhani ni mwaka 2002 au mwingine wa zamani. Programu nyingi za leo hubeba hati ya uhalali yenye tarehe zake. Mashine iliyorudi nyuma miaka ishirini huiona hati hiyo kuwa haijaanza kazi, ikaikataa. Mwenyewe hulaumu programu, kumbe kosa ni la kalenda. Tarehe isahihishwe kwanza. Ikipotea tena kesho yake, betri ibadilishwe, kompyuta ikiwa imechomolewa kwenye umeme.

Diski iliyojaa nayo hukataa mgeni. Faili lililokatika njiani wakati wa kupakuliwa hukataa pia. Ukubwa wake ulinganishwe na ule uliotangazwa na watengenezaji.

Lakini kuna kukataa kusiko na dawa. Prosesa ya biti 32 haiwezi kuendesha programu ya biti 64, hata ibembelezwe vipi. Windows 11 hudai kumbukumbu ya gigabaiti 4 na diski ya gigabaiti 64, ambazo mashine nyingi za zamani hazina. Aliye na Windows XP, iliyoachwa na Microsoft tarehe 8 Aprili 2014, atafute toleo la rika lake: LibreOffice 5.4 hukubali humo, toleo la 6 halikubali. Mashine hiyo ifaa kwa barua na hesabu tu, nje ya intaneti, kwani matundu yake ya usalama hayazibwi tena. Na flashi ya jirani isichomekwe kabla ya kupekuliwa virusi kwenye kompyuta nyingine iliyo salama.