Injinia ni Mtu wa Namna Gani?

Liko neno moja litumikalo kila siku katika vijiji vya Nyamongo, wilayani Tarime, wala maana yake haijulikani sawasawa. Neno hilo ni injinia. Pale Nyangoto, na katika vijiji jirani vinavyouzunguka mgodi wa dhahabu wa North Mara, mtu akipita katika gari lenye kibendera juu, naye amevaa kofia ngumu, husemwa kuwa ni injinia. Huenda ni dereva, huenda ni mpima ardhi. Tena yule ajuaye kufungua mashine ya kusagia unga na kuifunga isibakie hata parafujo moja mkononi, naye huitwa injinia. Basi tumeona yafaa tueleze leo injinia, au kwa jina jingine mhandisi, ni mtu wa namna gani.

Jina la mhandisi limetoka katika Kiarabu, na asili yake ni elimu ya kupima: mistari, pembe na ujazo. Hapo pana dalili ya kazi yenyewe. Fundi hutengeneza kilichoharibika. Mhandisi hufikiri juu ya kuharibika kwa kitu ambacho bado hakijajengwa. Hatusemi hivyo ili kumdharau fundi. Mhandisi asiyesikiliza mafundi wake hujenga vitu visivyofungika wala kufunguka, na jambo hilo kila fundi atalithibitisha kwa furaha.

Tutwae mfano wa shimo la mgodi. Tangu mgodi ule ulipoanza kazi mwaka 2002, dhahabu imechimbwa katika mashimo makubwa ya wazi kama Nyabirama na Gokona. Na mwaka 2015 pakaanza uchimbaji wa chini kwa chini huko Gokona. Atazamaye shimo la namna hiyo kwa mbali huona ngazi kubwa kubwa zikishuka, naye hudhani ni njia za magari. Sivyo. Magari yana barabara yake. Ngazi zile hukatwa ili jiwe likiporomoka kutoka juu lipokewe njiani, lisifike chini waliko watu.

Sasa, ukuta wa shimo ulale kiasi gani? Tufanye hesabu ya mfano tu, wala si vipimo vya Nyamongo. Shimo lina kina cha mita 200. Ukuta ukilala kwa pembe ya digrii 45, ukingo wa juu utakuwa mita 200 nyuma ya mguu wa ukuta. Ukisimamishwa zaidi, hata digrii 50, ukingo utakuwa mita 168 hivi nyuma. Tofauti ni mita 32, nawe msomaji waweza kuiona ndogo. Lakini kwa kila mita moja ya urefu wa ukuta huo, tofauti ile ni mita za ujazo 3,200 za mawe yasiyo na dhahabu, yaani zaidi ya tani 8,000, ambazo hapana budi zilipuliwe kwa baruti, zipakiwe na kutupwa. Mwenye mali hupenda ukuta usimame. Mwamba wenye nyufa haupendi. Mhandisi yu katikati yao: apime nyufa, apime maji yaliyomo mwambani, kisha aseme ni pembe gani, na jina lake liandikwe chini ya neno hilo. Ukuta ukianguka, hawezi kusema kwamba aliambiwa.

Dhana ya pili ni hii, ati mhandisi ni mtu wa hesabu na vyuma, mambo ya wanadamu hayamhusu. Twaona dhana hii ndiyo yenye hatari kuliko zote, na watu wa Nyangoto wanayo sababu ya kuikataa.

Mawe mengi yenye dhahabu yana salfa ndani yake. Yakilala chini ya ardhi hayana neno. Yakitolewa juu yakakutana na hewa na mvua, salfa ile huzaa asidi, na asidi huyeyusha vyuma vilivyomo mawe­ni na kuvichukua pamoja na maji. Mwezi wa Mei 2009 maji ya asidi yalivuja kutoka mgodini yakaingia mto Tigithe, ambao maji yake huingia katika mto Mara. Wenyeji walisema watu na ng'ombe wamedhurika. Kampuni ilikana, ikasema kwamba wezi walichukua plastiki iliyotandikwa ili kuzuia maji yasipenye. Hatukai hapa kuhukumu shauri hilo. Twauliza la uhandisi tu. Plastiki nene na imara, mahali ambapo mtu hutafuta kitu cha kuezekea kibanda au kuanikia mtama, ni mali. Mhandisi akihesabu unene wa plastiki, uzito wa maji na mvua ya mwaka, asimhesabu jirani, hesabu yake ina pengo, hata ikiwa kila tarakimu ni sahihi.

Miaka 10 baadaye, Mei 2019, Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira liliutoza mgodi faini ya shilingi bilioni 5.6 kwa kuchafua mazingira. Na Julai serikali ikazuia bwawa la tope sumu lisitumiwe, hata Septemba lilipofunguliwa tena. Bwawa la namna hiyo halina kelele wala magurudumu, na mtoto hawezi kulionyesha kidole akisema, hii ndiyo kazi ya injinia. Hata hivyo ndiyo kazi yake hasa, maana lazima lishike tope lake baada ya dhahabu kwisha na magari yote kuondoka.

Juu ya kwamba kazi hii ni ya wanaume, tutasema machache: mwamba haujui aliyeupima ni nani. Msichana wa Nyangoto apendaye hesabu, fizikia na kemia ana njia ile ile aliyo nayo kaka yake. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza kufundisha uhandisi mwaka 1973, na masomo yake ni ya miaka 4. Akihitimu bado hajafika. Hana budi kufanya kazi miaka isiyopungua 3 chini ya wakubwa wa kazi kabla ya kuandikishwa kuwa mhandisi kamili na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, ambayo asili yake ni sheria ya mwaka 1968.

Wasio na haja ya chuo wanayo haja ya kuuliza. Akija mhandisi kujenga kalavati barabarani, wazee na waulize: limepimwa kwa mvua ya miaka mingapi? Akijibu 25, asidhani mtu kwamba kalavati lina amani kwa miaka 25. Maana yake ni kwamba kila mwaka iko nafasi moja katika 25 ya mvua kulishinda. Na katika miaka hiyo 25 yote, nafasi ya kushindwa walau mara moja ni 64 katika 100. Mvua hiyo yaweza kuja mwaka huu, ikarudi mwaka ujao.