Kulinda na Kuotea: Habari za Dungu katika Nchi ya Buha

Walimu wengi wamekwisha kuulizwa na watoto, “Ayala ni mnyama gani?” Neno limo katika Zaburi ya 42, lakini mnyama mwenyewe hayumo katika nchi yetu. Huko Ulaya na Marekani ayala ni wengi, na wawindaji huwangojea juu ya miti. Kwetu Buha, katika Kasulu na Kibondo, afananaye naye kwa desturi zake ni pongo, aitwaye pengine mbawala: hukaa vichakani, hutembea peke yake, hutoka kula alfajiri na jioni. Naye aweza kungojewa vivyo hivyo. Twapenda kueleza kazi hiyo pamoja na maneno yake, kwa kuwa ayachanganyaye aweza kuingia taabuni.

Dungu, au ulingo, ni jukwaa la miti lililoinuliwa shambani. Mlinzi huketi juu yake mahindi yanapokomaa, apate kuwafukuza ndege, nyani na nguruwe. Hupiga kelele na kugonga debe, ili mnyama ajue kwamba mtu yupo, aende zake. Huko ndiko kulinda. Kuotea ni kinyume chake: mtu hujificha na kunyamaza, ili mnyama asijue, akaribie. Jukwaa laweza kuwa lile lile, bali alindaye ataka mnyama aondoke, na aoteaye ataka aje.

Faida ya kuotea juu ya mti ni mbili. Kwanza, mnyama hutazama zaidi mbele na kando, mara chache juu. Pili, harufu ya mtu aliye juu pengine hupita juu ya mnyama bila kumfikia. Lakini upepo wataka kujulikana, hasa katika nchi ya milima kama yetu. Jioni hewa hupoa na kuteremka bondeni. Kwa hiyo aoteaye hukaa upande wa chini wa njia ya mnyama. Asubuhi jua likiisha kupasha mteremko joto, hewa hupanda. Basi yafaa akae upande wa juu. Asiyeangalia jambo hili atakesha bure, hata akinyamaza kama jiwe.

Tena pana hatari ya kuanguka. Katika Marekani kuanguka kutoka jukwaani ni miongoni mwa ajali kubwa za wawindaji wa ayala. Kwa hiyo hufundishwa kujifunga mkanda kwenye shina, wala wasipande na silaha mkononi, bali waivute kwa kamba wakiisha kukaa. Mlinzi wa dungu naye aangalie kamba na fito zake kila msimu, maana mvua huziozesha.

Sasa twafika kwenye jambo lenyewe. Katika miaka ya 1930 serikali ya kikoloni iliwahamisha watu wengi wa Buha na kuwakusanya pamoja kwa sababu ya ugonjwa wa malale, na mashamba mengi yaliyoachwa yakageuka pori. Mwaka 1981 Moyowosi ilifanywa pori la akiba. Hivyo kwetu shamba na pori hukaribiana, na pongo ajaye kula majani ya maharagwe humkuta mtu yuko juu ya dungu. Akimfukuza, amelinda. Akimngojea kimya na kumpiga kwa ajili ya nyama, naye hana leseni, amevunja Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori, Na. 5 ya mwaka 2009, ingawa shamba ni lake na dungu ni lake. Na mnyama akiuawa kwa kulinda uhai au mali, yapasa habari ipelekwe kwa wakuu, maana nyama na ngozi ni mali ya Serikali.

Basi, mwalimu afundishapo maneno haya, asitosheke na kusema kwamba dungu ni jukwaa. Awaulize watoto: aliye juu yake anyamaza, au agonga debe? Wakiweza kujibu, wamejua neno, tena wamejua sheria.