Presha ya oili ya injini

Presha ya oili ya injini (katika fizikia: kanieneo ya oili) ni nguvu ambayo oili inasukuma nayo kila sehemu ya njia zake ndani ya injini inayofanya kazi. Hupimwa kwa kifaa kiitwacho geji ya oili, kwa vipimo vya bar, psi au kilopaskali. Bar 1 ni sawa na kilopaskali 100, au psi 14.5 hivi.

Katika lori lililotembea kilomita nyingi, presha ya oili ni mojawapo ya dalili za mapema zinazoonyesha uchakavu wa injini. Taa nyekundu ya oili iliyopo kwenye deshibodi haitoshi kwa kazi hiyo. Kwa kawaida taa huwaka presha ikiwa imeshuka chini ya bar 1, mara nyingi karibu na nusu bar. Hapo uharibifu unaweza kuwa umeshaanza. Geji huonyesha jinsi presha inavyopungua kidogo kidogo kwa miezi mingi, hivyo mwenye lori hupata muda wa kujiandaa.

Umuhimu wake katika kanda ya Ziwa

Jiji la Mwanza, kusini mwa Ziwa Victoria, ni njia panda ya malori. Barabara moja inaelekea Musoma na Sirari mpakani mwa Kenya. Nyingine inapita Shinyanga, Nzega na Singida hadi Dodoma na Dar es Salaam, safari ya zaidi ya kilomita 1,000. Upande wa magharibi, barabara ya Geita inavuka Ghuba ya Mwanza kwa Daraja la J.P. Magufuli kati ya Kigongo na Busisi, lililofunguliwa mwaka 2025. Malori hubeba pamba, dagaa wa soko la Kirumba, nafaka, saruji na bidhaa za madukani.

Mengi ya malori hayo yalinunuliwa yakiwa yameshatumika, na mita ya kilomita haiwezi kuaminiwa kila mara. Injini ikinoki mbali na gereji, mwenye lori hupoteza injini, mzigo huchelewa au kuharibika, na dereva na utingo hulala barabarani. Geji ya oili ni kifaa cha bei ndogo kikilinganishwa na hasara hiyo.

Jinsi presha inavyotokea

Oili hukaa kwenye sampu chini ya injini. Pampu huivuta kupitia chujio, huisukuma kwenye filta, kisha kwenye njia nyembamba zinazoelekea beringi za krankishafti, beringi za konrodi, kamshafti na turbo. Katika beringi, oili hufanya utando mwembamba unaozuia chuma kugusa chuma.

Pampu peke yake haitengenezi presha. Kazi yake ni kusukuma oili. Presha hutokea kwa sababu njia ya kutokea ni nyembamba. Mfano wake ni mpira wa kumwagilia bustani: ukibana mdomo wa mpira, maji hutoka kwa nguvu; ukiuachia, nguvu hupungua ingawa bomba halijabadilika. Presha ikizidi kiwango, vali ya kupunguza presha hufunguka na kurudisha sehemu ya oili kwenye sampu.

Kwa nini presha hushuka injini inapochakaa

Nafasi kati ya beringi na krankishafti katika injini nzima ni sehemu ndogo sana ya milimita. Beringi zikilika, nafasi hiyo huongezeka na oili hutoka kwa urahisi zaidi. Kwa hesabu ya mtiririko katika nafasi nyembamba, kiasi cha oili kinachotoka hubadilika kwa kipeo cha tatu cha upana, presha na uzito wa oili vikiwa vilevile. Nafasi ikiongezeka mara 2, uvujaji huongezeka mara 8, yaani 2 × 2 × 2. Hata ongezeko la robo tu (mara 1.25) karibu linazidisha uvujaji mara 2.

Ndiyo sababu dalili huonekana kwanza oili ikiwa ya moto na injini ikiunguruma taratibu bila kukanyagwa mafuta. Wakati huo oili ni nyepesi na pampu inazunguka polepole. Asubuhi, oili ikiwa ya baridi na nzito, hata injini chakavu huweza kuonyesha presha nzuri. Kwa hiyo kipimo cha asubuhi peke yake hakitoshi.

Kupima presha

Fundi hutumia geji ya kupimia ya mkono yenye mpira imara. Hatua zake ni hizi:

1. Lori huegeshwa mahali tambarare, injini huzimwa, na baada ya dakika chache kiwango cha oili hukaguliwa kwa kijiti chake. Oili ikinuka dizeli au ikiwa imepanda bila kuongezwa, huenda mafuta yanavuja ndani yake na kuifanya nyepesi.
2. Lori huendeshwa kwa muda wa nusu saa hivi. Maji ya rejeta hupata joto mapema kuliko oili, kwa hiyo geji ya maji pekee si ushahidi kwamba oili imeshapata joto.
3. Injini huzimwa, kabini hufungwa vizuri katika nafasi yake ya kuinuliwa kama inainuliwa, swichi ya oili hufunguliwa na geji hufungwa mahali pake. Glavu ni lazima, maana oili ya moto huunguza.
4. Gia ikiwa huru na breki ya mkono imevutwa, injini huwashwa. Kipimo cha kwanza huchukuliwa bila kukanyaga mafuta, cha pili kwa mizunguko 1,500 hivi kwa dakika.
5. Vipimo huandikwa kwenye daftari pamoja na tarehe, kilomita na aina ya oili.

Kitabu cha mtengenezaji ndicho chenye kauli ya mwisho. Kama mwongozo wa jumla, injini nyingi za dizeli za malori zikiwa za moto huonyesha bar 1 au zaidi bila kukanyagwa mafuta, na bar 3 hadi 5 zikiwa kazini.

Wanafunzi huweza kuuliza kama mwinuko wa Mwanza hubadilisha kipimo. Uso wa Ziwa Victoria uko mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari, na kanieneo ya hewa hapo ni ndogo kuliko Dar es Salaam. Lakini geji ya kawaida huonyesha tofauti kati ya oili na hewa iliyo nje, kwa hiyo vipimo vya miji hiyo miwili vinaweza kulinganishwa bila shida.

Kusoma matokeo

- Presha ni ndogo bila kukanyaga mafuta, lakini nzuri kwa mizunguko mingi: beringi zimelika, au oili ni nyepesi kuliko inavyotakiwa.
- Presha ni ndogo wakati wote: oili imepungua, chujio la sampu limeziba, pampu imechakaa, au vali ya kupunguza presha imekwama ikiwa wazi.
- Mshale unacheza: pampu inavuta hewa pamoja na oili.
- Presha inaanguka kwenye kona au mlima: mara nyingi kiwango cha oili ni kidogo.
- Presha ni kubwa kupita kiasi: oili ni nzito mno au vali imekwama ikiwa imefungwa.

Kipimo kimoja huonyesha hali ya siku moja tu. Faida kubwa hutokana na mfululizo. Tuseme lori lilionyesha bar 1.6 likiwa la moto mwezi Januari, bar 1.3 mwezi Juni na bar 0.9 mwezi Desemba, kwa oili ya aina ileile. Taa haijawahi kuwaka, lakini daftari linaonyesha kwamba beringi zinahitaji kukaguliwa kabla ya safari ndefu ijayo.

Aina za geji

Geji ya kimakanika hupokea oili yenyewe kupitia paipu nyembamba. Ndani yake mna mrija uliokunjwa ambao hunyooka kidogo presha ikipanda na kusogeza mshale. Mrija huo ulibuniwa na Mfaransa Eugène Bourdon, aliyepata hataza mwaka 1849. Geji ya umeme hutumia sensa iliyofungwa kwenye injini, na waya pekee ndio unaofika kwenye kabini. Kwa malori ambayo kabini yake huinuliwa ili kufikia injini, kama Fuso na Scania, geji ya umeme hufaa zaidi kwa sababu paipu ya oili huweza kuvutwa na kupasuka.

Kufunga geji

Kwanza hukaguliwa umeme wa gari. Malori makubwa hutumia volti 24, baadhi ya madogo volti 12, na geji lazima ilingane. Sensa na geji ziwe za seti moja.

Pili huangaliwa tredi. Injini nyingi za Kijapani zina tredi za 1/8 PT zenye mizunguko 28 kwa inchi. Tredi za Kimarekani za 1/8 NPT zina 27. Zinafanana kwa macho, lakini zikilazimishwa huvuja au kupasua kiungo.

Tatu, swichi ya taa haiondolewi moja kwa moja. Kiungo cha umbo la T huwezesha swichi na sensa kufanya kazi pamoja. Sensa ni nzito, na mtikisiko huweza kuvunja kiungo cha shaba kilichoning'inia kwenye injini. Ni bora kutumia mpira wa presha ya juu na kufunga T kwenye kishikio imara. Kama sensa hupata ethi kupitia mwili wake, ivutiwe waya wa ethi, kwa kuwa mpira na tepu nyeupe ya mafundi bomba huweza kuikata.

Nne, waya hupitishwa mbali na ekzosi, huwekewa fyuzi na huachiwa urefu wa kutosha kabini inapoinuliwa. Baada ya kuwasha injini, viungo vyote hukaguliwa kama vinavuja, na kiwango cha oili hupimwa tena siku inayofuata.

Presha ikianguka safarini

Dereva hutoa lori barabarani mahali salama na kuzima injini mara moja. Kusubiri kufika kituo kinachofuata ndiko kunakoua injini nyingi. Hukagua kiwango cha oili na uvujaji. Kama oili ipo ya kutosha, sensa huweza kuwa mbovu, lakini hilo huthibitishwa kwa geji ya mkono kabla ya kuendelea. Tajiri, yaani mwenye lori, anapaswa kumwambia dereva mapema kwamba kusimama kwa sababu hiyo si kosa. Dereva anayeogopa kulaumiwa kwa kuchelewa ataendelea kuendesha.

Oili nzito na ununuzi wa lori

Oili nzito kuliko iliyoagizwa hupandisha presha bila kurudisha chuma kilicholika. Wauzaji wengine huitumia kuficha uchakavu. Mnunuzi hujilinda kwa kudai lori liendeshwe nusu saa, kisha presha ipimwe kwa geji yake mwenyewe, na ikiwezekana baada ya kubadilisha oili na filta.

Oili chafu haimwagwi mtaroni. Mwanza, mitaro mingi huishia Mto Mirongo na ziwani, na ziwa hilo ndilo chanzo cha maji ya jiji. Hukusanywa kwenye dumu lenye kifuniko na kupelekwa kwa wanaoipokea.