Trafiki amekuandikia: ulipe au uende mahakamani?

Canter imepakia magunia 60 ya vitunguu kutoka Ruaha Mbuyuni kwenda Dar es Salaam. Kabla ya kufika Morogoro, trafiki anasimamisha gari, anaonyesha tochi inayosoma kilometa 68 kwa saa mahali pa 50, anaandika faini ya Sh30,000. Dereva anasema kibao hakikuwapo. Mzigo nao unasubiriwa sokoni.

Hali kama hii huwakuta wasafirishaji wengi wa mazao, na karibu wote hulipa. Kimahesabu hawajakosea. Gari linaloingiza Sh100,000 kwa siku likisimama siku mbili ili dereva ahudhurie kesi, zimekwenda Sh200,000, bila kuhesabu nauli na chakula, na kesi haimaliziki siku moja.

Lakini anayelipa amekubali kosa. Anayekana ana haki ya kupelekwa mahakamani, na yapo makosa ambayo kukubali kwake ni ghali mno kuliko faini. Gari likigongana na jingine na dereva akashitakiwa kwa kuendesha kwa uzembe, hukumu ya kumtia hatiani inaweza kutumika dhidi yake katika kesi ya madai ya fidia. Sheria ya Ushahidi inaitambua hukumu hiyo, muda wa rufaa ukishapita, kuwa uthibitisho wa kosa. Hapo tajiri wa gari anayemwambia dereva "kubali yaishe" anajichimbia shimo mwenyewe.

Mahakamani, hati ya mashitaka husomwa na mshitakiwa huulizwa kama ni kweli. Hapa ndipo wengi huharibu. Dereva hujibu, "Ni kweli mheshimiwa, ila nilikuwa nawahi soko." Kuwahi soko si utetezi. Ni ombi la kupunguziwa adhabu, na aliyekiri kosa hawezi tena kukata rufaa kupinga kutiwa hatiani, isipokuwa ukubwa au uhalali wa adhabu. Asiyekubali aseme tu, "Si kweli."

Akijibu "ni kweli, lakini sikuwa mimi niliyeendesha", hakimu anapaswa kuandika kuwa amekana. Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki iliweka wazi utaratibu wa kupokea majibu ya mshitakiwa mwaka 1973, katika shauri la Adan dhidi ya Jamhuri, na mahakama za Tanzania bado zinaufuata.

Baada ya kukana, mzigo wa kuthibitisha ni wa upande wa mashitaka, tena bila kuacha shaka ya msingi. Trafiki atatoa ushahidi, kisha mshitakiwa atapewa nafasi ya kumuuliza maswali. Nafasi hii ina thamani kuliko hotuba yoyote. Alisimama wapi? Kibao kiko umbali gani kutoka hapo? Tochi ilikaguliwa lini mara ya mwisho? Picha inaonyesha namba ya gari? Maswali yawe mafupi na ya heshima. Anayegombana na shahidi humsaidia shahidi.

Hakimu akiona hakuna kesi ya kujibu, mshitakiwa huachiwa. Ikiwapo, atajitetea na kuita mashahidi. Utingo aliyekuwa ndani ya gari ni shahidi halali, ingawa hakimu atapima kama anamtetea mwajiri wake. Picha ya eneo ipigwe siku ileile, kwa kuwa kibao kinaweza kuwekwa kesho yake. Risiti ya mafuta au ya ushuru wa mazao yenye saa inaweza kuonyesha gari lilikuwa wapi.

Lugha si kikwazo tena. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 yalikifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama. Asiye na fedha za wakili anaweza kutafuta msaada chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, akijua kwamba wasaidizi wa kisheria hushauri tu, hawasimami mahakamani kumwakilisha mtu.

Kosa baya kuliko yote ni kutokwenda siku ya kesi. Hati ya kukamatwa hutolewa, na mdhamini, ambaye mara nyingi ni jirani au mwenye gari, huingizwa matatani.

Aliyeshindwa katika mahakama ya wilaya atoe taarifa ya kusudio la kukata rufaa ndani ya siku 10, kisha awasilishe rufaa yake Mahakama Kuu ndani ya siku 45. Nakala ya hukumu aiombe siku hiyohiyo, kwa maandishi, abaki na nakala ya barua yenye mhuri wa kupokelewa.